Gari Iliyolia Kama Ndege Njia ya Beni

Tangu nirudi, kila mtu ninayekutana naye hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, ananishika mkono na kusema, "Masika, eleza." Nimeeleza kisimani, nimeeleza mbele ya kanisa, na kila mara anatokea mtu wa mwisho anayetaka nianze upya. Basi nimekaa, naandika mara moja tu. Asiyejua kusoma, asomewe.

VUHOVI

Vita ilipofika kwetu, familia yetu ilificha vitu viwili Vuhovi, kwa mjomba wetu.

Cha kwanza ni gari ya baba. Baba alikufa kabla waasi hawajaingia mjini, akaacha gari ndogo nyeupe. Ndiyo aliyonifundishia kuendesha mimi, binti yake wa kwanza, siku zile ambapo watu walisimama barabarani kucheka wakiona mwanamke ameshika usukani. Askari walipoanza kunyang'anya magari, tuliiingiza katika zizi la mbuzi la mjomba, tukaifunika kwa majani ya migomba na mabua ya mahindi. Ilikaa humo zaidi ya miaka miwili bila kusogea.

Cha pili alikuwa mdogo wangu Kavira. Kamanda mmoja aliyekuwa amewekwa Butembo, mtu wa jimbo la mbali, alimwona sokoni akiuza maharagi ya Musienene. Akatuma vijana wake kwa mama kusema kwamba atamchukua awe mke wake. Hakuomba, alitangaza. Lakini Kavira alikuwa na mchumba, Mwalimu Ilunga, kijana wa Kasai aliyetumwa kufundisha Beni, na padiri alikuwa ameshatangaza ndoa yao. Tukamkimbiza Vuhovi usiku mmoja, tukawaambia vijana wa kamanda kwamba hatujui alikokwenda.

Siku ya ndoa ilipokaribia, nilipanda Vuhovi kwa miguu kumwambia tungoje, tuone vita itakavyokwenda. Nilimkuta analima viazi. Alisimamisha jembe akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita yaya, dada mkubwa, akasema:

"Yaya, mi si kiazi ya kufukiwa mu udongo. Padiri alisoma jina yangu mbele ya batu bote. Nitaolewa siku ile ile, na nitaenda ku Beni muchana, batu banione."

Mjomba akauliza, "Utaenda na nini?"

"Na gari ya baba. Nayo itoke. Shiye bote wawili tumechoka na harufu ya mbuzi."

Nilitaka kumkemea, nikacheka. Na mtu akishacheka ameshindwa. Tulifukua gari siku hiyo hiyo. Betri tuliazima kwa mwenye mashine ya kusagia mahindi, magurudumu tukayajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, tukipokezana mpaka mabega yakauma. Mpira wa akiba mjomba alikuwa ameutundika juu darini, mbali na panya; nao tukautia garini. Mashine ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikakubali. Mbuzi walitutazama kama wenye nyumba wanaofurahi mgeni akiaga.

MUSUSA

Katika njia mbovu ya Vuhovi gari ilitembea polepole na haikusema kitu. Tulipofika barabara pana, nikaongeza mwendo, ndipo ikaanza: *vuuuuu*, kutoka nyuma. Nikipunguza, inashuka. Nikiongeza, inapanda, mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Ilikuwa ni sauti ya ndege inayotafuta mahali pa kutua.

Nilisimama kwa Kakule fundi, rafiki wa zamani wa baba. Mnamjua nyote, na mnajua pia kwamba kila mwenye miguu hapa Mususa ni fundi akiona gari imefunguliwa mdomo. Kakule aliinua nyuma kwa kiriki, yaani jeki, akazungusha gurudumu moja, akajifuta mikono.

"Roulement," akasema, yaani beringi ya gurudumu.

"Pont," akasema jirani yake, akionyesha ekseli ya nyuma.

"Bomba ya moshi," akasema mtu aliyekuwa anapita na jogoo kwapani.

Nikamwuliza Kakule, "Ukikamata gurudumu juu na chini, inatikisika?"

"Hapana."

"Ukizungusha na mukono, inakwaruza?"

"Hapana."

"Basi roulement ilikosa nini?"

Akacheka. "Baba yako njo alikuwaka vile vile. Masika, mi nasema roulement sababu kelele ya nyuma ni roulement siku zote. Ngojea, natuma mutu Kampala."

"Siku ya ndoa haingojee mutu ya Kampala."

Alikaza bulo zote, nati za magurudumu, kwa nguvu, akaniombea kwa Bikira Maria, akaniambia nisikimbize. Wakati huo wote nilikuwa nimemwambia Kavira alale chini, nyuma ya viti vya mbele. Nilipogeuka nilimwona ng'ambo ya barabara, amesimama wima, ananunua beignets, maandazi ya mafuta, na kubishana na mwuzaji kwamba ni ndogo. Askari wawili walimpita karibu kabisa. Alikuwa anatafuna.

NJIA YA MABOYA

Nje ya mji, upande wa Maboya, kulikuwa na kipande cha barabara kilichopigwa greda na wafanyabiashara wetu. Hakuna serikali iliyokigusa, lakini malori yao lazima yapite. Nikasema, hapa nitajua kitu gani kinalia.

Kwanza nilitoa gia kwenye mteremko, nikaacha gari iende yenyewe. Mashine ikawa inanong'ona tu, lakini *vuuuu* ikabaki ileile. Basi haikuwa mashine. Halafu nikapinda kidogo kulia, kidogo kushoto, kulia, kushoto. Baba aliniambia kwamba roulement ikiharibika hailii sawasawa ukipinda: uzito ukihamia upande wake sauti inakua, ukiondoka sauti inapungua. Yetu haikubadilika hata kidogo.

"Yaya, unacheza rumba?" Kavira akauliza, mdomo umejaa beignet.

"Namutafuta mwizi."

Tukapanda kilima, tukashuka, tukaingia kijiji kimoja cha njiani. Hakukuwa na mtu.

Nilisimamisha gari. Chungu kilikuwa motoni. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa imelala katikati ya barabara na magunia yake ya makaa, gurudumu lake la mbao bado linazunguka. Kuku walikuwa wanakula unga kwenye kinu. Mlango mmoja ulikuwa unapigapiga. Tuliita hodi kila upande, na tuliyemsikia ni mbuzi tu. Nilikuwa nimeshaona vijiji vitupu katika vita hii. Kavira alitazama huku na huku, kisha akaenda kwenye chungu, akaokota mwiko akaanza kukoroga.

"Unafanya nini?"

"Maharagi itaungua. Benyewe bakirudia, bakule nini?"

Ndipo mama mmoja akatoka kwenye migomba, jembe mkononi, tope mpaka magotini, kandambili moja mguuni. Jina lake ni Mama Kanyere, nilijua baadaye.

"Ndege iko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndege gani, mama?"

"Ile ilikuwa inalia! Ilikuja na upande ile mulitoka. Hamukuiona?"

Mimi na Kavira tulitazamana. Niliwasha gari, nikaenda mbio mpaka mwisho wa kijiji nikarudi. Nilipofika, Mama Kanyere alikuwa amelala kifudifudi mtaroni. Aliinua kichwa, akaona gari, akaona mimi, akaelewa.

Sitaandika yote aliyoyasema kwa Kinande, kwa sababu watoto nao watasomewa. Watu walianza kutoka mmoja mmoja, wengine na watoto mgongoni, wengine na magodoro. Hawakucheka. Baba mmoja aliniambia, "Mwaka jana tulikimbia ndege ya kweli, ya mabomu. Batu bengine habakurudia." Nilisimama pale nikaona kwamba kelele hii si jambo la gari tu. Nilikuwa nimewaua watu hawa kidogo, wote kwa pamoja, kwa kukimbiza gari.

Mvua ikaamua mengine. Ilinyesha kama mtu anayemwaga ndoo, barabara ikawa uji, na hatukuweza kuondoka. Mama Kanyere aliyetutukana ndiye aliyetufungulia mlango. Tulikula makemba, ndizi za kupika, na yale maharagi, sombe ya majani ya muhogo pembeni. Wakauliza tunakokwenda. Mimi nilianza uongo mzuri kuhusu shangazi mgonjwa. Kavira akanikata.

"Naenda kuolewa ku Beni na mwanaume nilichagua. Kamanda ya Butembo ananitaka, miye simutaki."

Nilimfinya paja chini ya meza. Jina la kamanda yule hata huku lilikuwa linafunga milango.

Mama Kanyere aliweka sahani chini. "Unaenda na muchana?"

"Na muchana."

"Basi asubui tunaenda wote. Niko na mutoto yangu ku Beni, sijamuona tangu vita. Mi nitakaa kwa dirisha, nitakuwa naita batu basikimbie."

KABASHA

Asubuhi jua lilikausha barabara, nasi tukaondoka watatu. Kila tulipokaribia nyumba, Mama Kanyere alitoa kichwa na kiwiliwili nje, kilemba kikipepea, akapiga kelele kuliko gari: "Ni mupira! Musikimbie! Ni mupira tu!" Alisema mpira kwa sababu ndilo jambo lililomjia mdomoni. Watu waliokuwa wameshashika watoto walisimama, wakatutazama tukipita, wengine wakaanza kupunga mikono.

Lakini neno lake lilinikaa kichwani. Mahali ambapo udongo ulikuwa bado laini, sauti ilishuka ikawa mnong'ono. Tulipopanda tena kwenye ardhi ngumu, ikarudi. Roulement haijui kama njia ni laini au ngumu. Mpira unajua. Nikasema, nikipata tu mahali tambarare nitasimama nitazame.

Mahali tambarare palikuwa bariyeri ya Kabasha, kizuizi cha askari, na haikuwa na mtu. Mti ulikuwa umelazwa kukata barabara. Redio ilikuwa inaimba Lingala. Chai ilikuwa inatoka moshi vikombeni, na bunduki moja ilikuwa imeegemezwa kwenye benchi kama fimbo ya mzee.

"Tupite," Kavira akasema.

"Tukipita, batatupiga kwa mugongo. Tungoje."

Wakatoka porini mmoja mmoja, majani kichwani. Wa mwisho alikuwa sajenti, mtu mrefu, mgeni huku kwetu, na nilipoona uso wake nilijua shida yetu. Hakuna mtu mkali kama mwanaume aliyeonwa akikimbia.

"Yaka awa!" alinguruma kwa Lingala, yaani njoo hapa. "Mushuke! Mashine ya ndege iko wapi?"

"Hakuna ndege, chef. Ni gari."

"Gari haiwezi kulia vile. Munabeba nini?"

Waliinua viti, wakagonga milango, wakafungua sanduku. Robe ya Kavira, gauni lake la ndoa, ikatupwa benchini karibu na chai. Hawakuona kitu, na hilo lilimwudhi sajenti zaidi.

"Donc mumeficha. Naita Butembo kwa radio. Baniambie mufanye nini."

Butembo. Radio ile ingeongea na kamanda, na kamanda angesikia jina la Kavira. Baba alikuwa akisema kwamba woga ukikushika, fanya kazi ya mikono. Nikasogea mpaka mbele ya sajenti.

"Chef, unataka kujua ni nini inalia? Panda. Nitakuonyesha."

Akasita.

"Unaogopa mwanamuke atakuendesha?"

Alipanda nyuma na bunduki yake. Niligeuza gari nikaikimbiza katika mteremko uliokuwa nyuma yetu mpaka miti ikawa ukuta, kelele ikapanda. Nikamwambia ainame asikilize chini ya kiti.

"Iko kushoto... Hapana, ngoja. Iko kuume!"

"Vizuri. Sasa tunarudi, tunatoa hiyo mupira ya kuume, tunaiweka mbele. Kama iko mashine mulisema, kelele itabaki nyuma. Kama ni mupira, itafuata mupira."

Askari wake ndio walioshika kiriki. Wawili walifungua bulo, mmoja akashikilia mawe chini ya magurudumu. Mpira wa nyuma ukaenda mbele, wa mbele ukaenda nyuma. Sajenti akapanda tena, safari hii bila kuambiwa, akakaa karibu nami. Nilipofika mwendo ule ule, *vuuuu* ilitoka chini ya miguu yake mwenyewe, na usukani ukatetemeka mikononi mwangu.

"Imehama!" akapiga kelele kama mtu aliyeona maiti ikikaa kitandani. "Nzambe, imehama!"

Tuliutoa ule mpira tukaulaza kwenye majani. Kwa nje ulikuwa mzuri kama mpya. Kavira akapitisha kiganja chake upande wa ndani, ule unaoangalia chini ya gari, akaacha mkono pale. "Yaya, guza." Palikuwa na uvimbe mkubwa kama tezi ya shingo, na kutoka pale uso wa mpira ulikuwa unapanda na kushuka kama matuta ya viazi. Ndio uliokuwa upande uliozama katika mkojo wa mbuzi zizini. Mpira ule ulikuwa umebeba gari mahali pamoja miaka miwili, ukaoza ndani bila kuonyesha nje. Ungepasuka kabla ya Beni, na pengine kwenye mteremko ule ule nilioushuka mbio na bunduki mgongoni. Nilikaa chini kidogo. Halafu nikaweka ule wa akiba.

Nilidhani imekwisha. Sajenti akaokota robe.

"Na hii? Munaenda wapi na hii?"

Mimi nilifungua mdomo. Kavira alikuwa ameshajibu.

"Naenda kuolewa. Kamanda ya Butembo alinitaka, nikamukatala. Ita ile radio yako. Umwambie nimepita hapa, muchana, na jina yangu ni Kavira."

Redio ya rumba ilikuwa kati ya wimbo na wimbo.

"Na umwambie tena," akasema Mama Kanyere, ambaye alikuwa amesharudi kukaa dirishani, "kwamba askari yake banne balikimbia mupira."

Askari mmoja akapasuka kicheko, akaziba mdomo kwa kofia. Wa pili akageuka akatazama mlima, mabega yanatikisika. Sajenti alipigana na midomo yake kwa muda, sijui ilikuwa hasira au kicheko. Kisha alikung'uta vumbi kwenye robe, akaikunja vibaya kama wanaume wanavyokunja, akamwekea Kavira mikononi.

"Mupite. Miye sikuona mutu."

"Uliona," Kavira akasema. "Uliona Kavira."

Sajenti akainua mti mwenyewe.

BENI

Gari ilishuka kwenye joto la Beni kimya kama paka. Tulisikia ndege wa kweli, wenye mabawa, wakiimba mitini. Mama Kanyere hakuwa na la kupigia kelele tena, akawa anapunga mkono kwa kila mtu kama askofu.

Tulimkuta Mwalimu Ilunga mlangoni mwa darasa, chaki mikononi. Habari ilikuwa imemfikia kwamba Kavira amechukuliwa, na alikuwa amekonda.

"Balisema kamanda alikuchukua."

"Anichukue na mikono gani?"

Ndipo akacheka, na chaki ikabaki kwenye mabega ya Kavira. Halafu akamwona Mama Kanyere nyuma yetu, akadhani ndiye mama yetu. Akainama kwa heshima yote ya kwao, macho chini, akakimbia kutafuta kiti chenye mto na soda. Mama yetu alikuwa amebaki Butembo ili nyumba isionekane imekimbiwa. Nilitaka kumweleza Ilunga, lakini Mama Kanyere alinipa jicho. Alikaa kwenye kiti chenye mto, akapokea paja la kuku, akatoa baraka, akauliza maswali makali kuhusu mshahara wa walimu. Alipomaliza mfupa ndipo akasema, "Mutoto muzuri. Sasa bamukwe bako ba kweli bako Butembo. Miye ni mama ya njiani." Ilunga alitaka ardhi immeze. Kesho yake alimwita Mama Kanyere mama yake mbele ya wote, na akamsindikiza mwenyewe mpaka nyumbani kwa mwanawe.

Padiri alipomwuliza Kavira kama anamkubali mwanaume huyu kwa hiari yake, alijibu kwa sauti ambayo iliamsha mtoto kwenye benchi la nyuma. Aliweka mkazo kwenye neno hiari. Robe ilikuwa na doa dogo la chai. Hakulificha.

KURUDI

Nilirudi peke yangu, mchana, kwa njia ile ile. Kwenye bariyeri ya Kabasha sajenti alinisalimia kwa kichwa. Kijijini kwa Mama Kanyere walikuja na makemba nimpelekee mama yetu. Sikwenda Vuhovi kuficha gari. Niliiegesha mbele ya nyumba yetu, nikaiosha, nikaiacha hapo.

Kamanda alikuja mwenyewe. Ninyi mlikuwa milangoni kwenu, mliona, lakini hamkusikia, kwa hiyo nawaambia.

"Kavira iko wapi?"

"Kwa bwana yake, ku Beni."

"Nani alimupeleka?"

"Miye."

"Na nini?"

Nikamwonyesha. Aliizunguka gari taratibu, akapiga boneti kwa kiganja. "Lete ufunguo."

Mama alikuwa mlangoni na hakulia, basi nami sikulia. Nilitoa ufunguo wa baba mfukoni, nikauweka juu ya boneti, sikuuweka mkononi mwake.

"Chukua. Ulikuja kutafuta mutu, unarudia na chuma."

Alinitazama. Nyote mlikuwa mmesimama milangoni, hakuna aliyeingia ndani, na nadhani alihesabu hilo. Akachukua ufunguo akaenda.

Jumapili iliyopita nilikuwa natoka Misa kwa miguu. Nilimsikia kamanda nyuma yangu, ndani ya gari ya baba. Naijua mashine ile kama ninavyojua kikohozi cha mama. Alipiga honi. Barabara ilikuwa kavu, pana ya kututosha sote, nami nilikuwa natembea katikati. Akapiga tena, kwa muda mrefu. Wanawake waliokuwa nami walinivuta nguo. Sikuhama. Gari ya baba ilinikaribia mpaka nikahisi joto lake miguuni, ikasimama, ikanguruma, kisha ikapinda kando, ikaingia mtaroni na gurudumu moja, ikanizunguka.